Kalamu ya Arvila na Tezi ya Norbert

Arvila Baudhuin alipenda kujitapa kwamba toka mji wa Green Bay hadi ncha ya rasi hapakuwa na mwanamke aliyewajua wanaume kwa ndani kumshinda yeye. Wanaume elfu tatu na ushei walikuwa wamepita chini ya kalamu yake. Halafu, kabla wasikilizaji hawajafumba midomo, alimalizia mwenyewe: "Na katika hao elfu tatu, aliyenipigia simu kesho yake ni mmoja tu. Alikuwa amesahau miwani."

Kazi yake ilikuwa kuchora mstari. Ukisema hivyo watu hudhani ni kazi ya mtoto wa chekechea, na wala hawako mbali na ukweli, maana hata huko huambiwa usitoke nje ya mstari. Mwanaume akishaingizwa kwenye ile mashine ya sumaku inayogonga kama mafundi bati kumi, picha za tezi dume yake huja kwenye kompyuta ya Arvila zikiwa zimekatwa vipande vyembamba, kama mkate wa dukani. Arvila huvipitia kimoja kimoja. Kwanza huizungushia tezi yenyewe mstari wa njano. Kisha hutafuta uvimbe, na akiupata huuzungushia mwekundu. Daktari wa picha hukagua, hurekebisha, hutia sahihi. Mstari ule ndio unaokwenda kwa daktari wa mkojo, naye huufuata kwa sindano akachota vinyama vya kupimwa.

"Sindano ni kipofu," aliwaambia wanafunzi waliokuja kujifunza kwake. "Mstari wangu ndio fimbo yake. Mkichora pembeni, kipofu anapita pembeni, halafu mgonjwa anaambiwa yu mzima, aende zake nyumbani. Anakwenda, na saratani yake inakwenda naye, imekaa kiti cha nyuma."

Miaka kumi na tisa alikuwa akichora, na mkono haukuwa umeanza kutetemeka. Mabega ndiyo yaliyolalamika, na macho alikuwa amebadilisha miwani mara nne.

Jumatatu moja ya Septemba, saa tatu asubuhi, zikamjia picha za mwanaume wa miaka sitini na saba, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, Norbert Delfosse. Alikuwa amepigwa picha saa moja asubuhi ile ile. Fomu yake ilikuwa imejazwa kwa herufi kubwa za kukandamizwa, kama mtu anayeandika kwenye mlango wa zizi. Je, kwa siku mbili umekula vyakula laini tu? NDIYO. Je, umejiepusha na kabichi, maharage na bia? NDIYO. Je, asubuhi umetumia dawa ya kusafisha tumbo kwa nyuma? NDIYO, SANA.

Ile "sana" ndiyo iliyomfanya Arvila avute kiti karibu. Katika miaka kumi na tisa hajapata kumwona mwanaume aliyeitumia ile chupa kwa kiwango cha "sana".

Akafungua picha za kwanza, zile zinazoonyesha umbo. Tezi ilikuwa kubwa kiasi, kama limau lililokomaa. Upande wa kulia, nyuma, karibu kabisa na ukuta wake, palikuwa na doa jeusi lisilo na kingo, la kadiri ya punje ya haragwe, kana kwamba mtu alikuwa ameshika mkaa kisha akagusa pale kwa kidole. Akafungua picha za pili, zile zinazoonyesha maji yanavyotembea mwilini. Penye uvimbe maji hubanwa, na palipobanwa huwaka. Naam, doa lilikuwa likiwaka. Ila lilikuwa likiwaka mbele, upande wa kushoto, karibu na katikati.

"Wewe," Arvila aliliambia doa, "mpangaji mmoja huwezi kukaa vyumba viwili."

Kisha akaona. Nyuma ya tezi, kwenye utumbo wa mwisho, palikaa puto jeusi la duara, kubwa kama yai la bata bukini. Lilikuwa jembamba huku, nene kule, limeshiba, limetulia, kama mwenye nyumba.

Ulikuwa ushuzi. Tusitafute jina lingine.

Sasa sumaku na hewa havielewani hata kidogo. Hewa ikikaa karibu na tezi, picha za maji hupinda kama sura yako kwenye mgongo wa kijiko, na kila kinachowaka huhama mahali pake. Arvila alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini hospitali mwaka ule ilikuwa imenunua programu mpya ya kuchora, tena kwa keki na hotuba, na programu ilikuwa imeshamaliza kazi kabla hajaketi. Na ilifanya nini? Kama mshenga wa wanandoa wanaogombana asiyetaka kumuudhi mtu, ilichora mstari wake katikati ya madoa mawili, mahali ambapo hapakuwa na kitu kabisa.

Akamwita Dkt. Pahoua Lor. Huyu alikuwa daktari wa picha, mzaliwa wa mji ule ule, miaka thelathini na minne, akili wembe, na miguu isiyojua kutembea polepole. Akaja na kikombe cha kahawa mkononi.

"Mtazame huyu mzee, Daktari. Kaja na puto la sherehe."

Dkt. Lor akainama, akatazama, akapuliza kahawa. "Du! Huyu ana upepo wa kuendeshea jahazi."

"Picha za maji zimepinda. Mstari wa programu umekaa hewani."

"Nauona. Wewe ungechora wapi?"

Arvila akagusa kioo kwa kalamu. "Hapa nyuma, kulia. Kwenye kidole cha mkaa."

"Nami ningependa pawe hapo. Lakini huyu mwaka juzi alipata maambukizi ya tezi, imeandikwa hapa. Hilo linaweza kuwa kovu. Bila picha safi za maji siwezi kuapa, na wewe pia huwezi, Bi Arvila, usinitolee macho."

"Basi arudie kipimo."

"Unaijua kanuni. Picha hairudiwi ndani ya miezi mitatu mpaka mgonjwa mwenyewe akiri kwamba hakujiandaa. Na huyu," daktari akagonga fomu kwa ukucha, "kajiandaa sana."

"Anadanganya, mwanangu!"

"Najua anadanganya. Wewe unajua. Puto linajua. Lakini fomu haijui. Alhamisi anachomwa sindano. Nipe neno lake kabla ya kesho jioni na Jumatano alfajiri namwingiza. Usiponipa, wataichoma tezi nzima kwa kubahatisha, na uvimbe wa haragwe kwenye tezi ya limau, utabahatisha vipi?"

Akaondoka na kahawa yake. Arvila akabaki na puto.

Alilisoma tena lile jina. Delfosse, wa Brussels, kijiji cha pale pale rasini. Nani kwenye rasi ile asiyewajua akina Delfosse? Hao ndio wapishi wa buya, ule mchuzi mzito wa sikukuu, tangu babu zao waliposhuka melini kutoka Ubelgiji. Na jana yake ilikuwa nini? Jumapili ya Kermis, sikukuu ya mavuno, ambapo parokia nzima hukusanyika nje ya kanisa, na sufuria la buya la kuweza kumwogesha ndama hubandikwa alfajiri: kuku, mkia wa ng'ombe, viazi, karoti, njegere, maharage, na kabichi mpaka koleo liseme basi. Mpishi mkuu husimama pale na mwiko wa ukubwa wa kasia, na kila saa sharti aonje. Si kwa kijiko. Mpishi wa buya anayeonja kwa kijiko watu humwuliza kama anaumwa.

"Kumbe," akasema Arvila peke yake. "Kumbe, kumbe."

Akapiga simu. Akapokea mke, Mardell, mwenye sauti ya mwalimu wa Jumapili.

"Mume wangu? Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, supu ya maji na jeli. Nimemfungashia mwenyewe kwenye chupa, akaenda nayo kwenye sufuria, maskini, akarudi nayo tupu."

"Hongera, mama. Njooni kesho saa nne, nina swali dogo tu kuhusu fomu."

Wakaja saa nne kasoro robo. Norbert Delfosse alikuwa mtu mkubwa, mikono kama sepetu, kofia ya kampuni ya mbegu ameivua na kuikamata tumboni kama mtu aliye kanisani. Mardell alikuwa mdogo, wima, na mkoba wake magotini. Arvila akawaketisha mbele ya kompyuta. Akataka kwanza kupita njia nyoofu, maana hata yeye aliona aibu kuanza na hila.

"Bwana Delfosse, picha zako zina hewa nyingi. Inatokea. Ulikula chochote Jumapili?"

"Supu ya maji."

"Tu?"

"Na jeli. Ya kijani."

"Na ile chupa ya kusafisha tumbo?"

Masikio ya Norbert yakawa mekundu. "Niliitumia."

"Sana?"

"Ndivyo nilivyoandika."

"Mume wangu hasemi uongo," alisema Mardell. "Hajui hata namna."

Arvila akamtazama yule mzee. Alikuwa ametazama ukutani, kwenye picha ya mnara wa taa, kana kwamba ameambiwa ahesabu matofali yake. Saa ilikuwa ikienda. Doa la haragwe lilikuwa limekaa pale kwenye kioo, kimya, nyuma kulia, na mtu pekee aliyeweza kulifungulia mlango alikuwa ameufunga na kukalia ufunguo. Mficha uchi hazai, walisema wazee, lakini mwanaume mwenye mke kando yake atauficha hata mbele ya sumaku.

Basi Arvila akageuza kioo kuwaelekea. Akachukua kalamu, akaiweka katikati ya puto jeusi.

"Unaijua nguvu ya mashine hii, Bwana Delfosse? Inaona mpaka basi. Tazama hapa. Unaona? Hii ni karoti."

Mardell akavaa miwani. Norbert akasogeza kichwa.

"Karoti?"

"Karoti, bwana. Imekatwa duara. Na nikwambie kweli, nimeona karoti nyingi, lakini hii imekatwa na mtu anayejua kazi. Si nene, si nyembamba. Ni mkono wa mpishi."

"Ni nene kidogo," alisema Norbert. "Kile kisu Jumapili kilikuwa butu, nikamwambia mwenzangu Leroy..."

Akaikunja kofia mikononi.  Kwa mbali mashine ilikuwa ikimgongea mtu mwingine.

"Norbert," alisema Mardell.

"Nilionja tu, Mardell. Mpishi lazima aonje."

"Vijiko vingapi?"

"Havikuwa vijiko."

"Bakuli?"

"Mabakuli."

"Mangapi?"

"Manne." Akaitazama kofia. "Kabla ya misa."

"Na baada ya misa?"

"Baada ya misa ndipo nilipokula."

"Na supu yangu?"

"Mbwa wa Leroy aliipenda sana."

Arvila alikuwa ameshaandika nusu ya maungamo yale kwenye fomu mpya, kwa kasi ya karani wa mahakama. "Na chupa ya dawa, bwana?"

"Ipo kwenye gari. Chini ya kiti. Haijafunguliwa." Alisema hilo kwa sauti ndogo kuliko yote, mtu mzima na mikono yake ya sepetu. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza: "Kaka yangu Emile walimpiga picha safi. Kila kitu kilionekana mpaka mifupani. Kufika Pasaka tukamzika. Nikasema, yangu ikiwa na ukungu kidogo, labda hawataona kitu cha kuniambia."

 Mardell alihamisha mkoba kutoka magotini, akauweka sakafuni, akaweka mkono wake juu ya ile kofia.

"Bwana Delfosse," alisema Arvila, "barabara ya kwenu asubuhi ya ukungu, ng'ombe akiwa amesimama katikati, ukungu humwondoa?"

"Hapana."

"Ila utakufanya ufanye nini?"

"Umgonge."

"Basi tia sahihi hapa. Kesho saa kumi na mbili alfajiri, uje na tumbo jepesi. Na ile chupa, mama atasimama mlangoni kuhakikisha."

"Mlangoni?" alisema Mardell. "Nitaingia ndani."

Jumatano Norbert alirudi akiwa amepungua, macho yamemwingia ndani kidogo, kama mtu aliyepata mafunzo. Picha zake zilitoka tulivu kama barafu ya ghuba mwezi wa Januari. Puto halikuwapo. Na lile doa lililokuwa likiwaka mbele kushoto lilikuwa limerudi nyumbani kwake, nyuma kulia, likiwaka juu ya kidole cha mkaa, moja juu ya jingine kama kifuniko juu ya chungu. Halikuwa kovu.

Arvila akaizima programu, akavuta kiti, akashika kalamu. Hapa ndipo alipokuwa mtu. Vipande vitano vilikuwa na doa, akavichora vyote vitano, polepole, akirudi nyuma kuangalia picha za maji, kisha zile za umbo, kisha zile zilizopigwa baada ya dawa kuingizwa mshipani. Na kila mahali alipita unywele mmoja nje ya alichokiona, maana katika miaka yote ile alikuwa amejifunza jambo moja ambalo hakuna aliyelipinga: uvimbe siku zote ni mkubwa kuliko unavyojionyesha. Wanafunzi huchora wanachokiona. Yeye alichora na kile ambacho uvimbe ulikuwa umekificha chini ya meza.

Dkt. Lor alipokuja aliweka mstari wa programu wa Jumatatu juu ya mstari wa Arvila. Mistari hiyo miwili haikugusana hata kidogo. Milimita nane zilikuwa kati yake.

"Milimita nane," alisema daktari taratibu. "Angekwenda nyumbani ameambiwa yu mzima."

"Na mpangaji kiti cha nyuma," alisema Arvila.

Daktari hakurekebisha kitu. Akatia sahihi.

Alhamisi daktari wa mkojo aliufuata ule mstari kwa sindano. Vinyama vitatu vilivyotoka ndani yake, vyote vitatu vilikuwa na saratani. Vinyama kumi na viwili vya kwingineko vilikuwa safi. Ilikuwa saratani ya kutibika, changa, ya kati kwa ukali, haijavuka ukuta. Ingeachwa mwaka mmoja na nusu tu, ukuta ule ungekuwa historia. Norbert aliambiwa hayo Jumatano iliyofuata mbele ya Mardell. Walisema alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama atakuwa amepona kabla ya Kermis ya mwakani, akaambiwa ndiyo, akasema basi anzeni.

Siku hiyo hiyo, kabla ya kwenda nyumbani, wakapanda hadi chumba cha Arvila. Norbert alibeba ndoo ya plastiki yenye mfuniko, na hata kabla hajaifungua harufu ilikuwa imeshaketi kitini. Dkt. Lor alikuwemo, akikagua picha za mtu mwingine. Wakapeana mikono. Mardell akamkumbatia Arvila kwa nguvu zisizolingana na kimo chake.

"Hii nimekupikia wewe," alisema Norbert. "Na karoti nimekata nyembamba."

"Mungu akubariki, bwana," alisema Arvila, akiipokea ndoo haraka kidogo. "Basi msichelewe barabarani, mwendo ni mrefu."

"Tunakwenda, tunakwenda. Ila nina ombi." Norbert akakamata kofia yake tena. "Nimewaeleza watu wote pale parokiani kuhusu mashine. Leroy haamini. Jirani yetu Pete anasema haamini, ila anakuja kupigwa picha mwezi ujao, tangu Jumapili hajagusa hata njegere. Nataka niipige picha kwa simu, niwaonyeshe."

"Upige picha nini?" aliuliza Dkt. Lor, akigeuza kiti.

"Ile karoti."

"Karoti gani?"

"Iliyokuwa tumboni mwangu. Bibi huyu alinionyesha. Imekatwa duara."

Dkt. Lor akamtazama Arvila. Arvila akatazama ukutani, kwenye picha ya mnara wa taa.

"Picha zile nilishazifunga, Daktari. Ni za zamani. Tusiwachoshe wageni."

"Hazichoshi," alisema daktari, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kubonyeza. Puto jeusi likatokea kwenye kioo, kubwa, laini, tupu toka ukingo hadi ukingo. "Nionyeshe, Bi Arvila. Miaka saba nasoma picha hizi, na mpaka leo sijapata kuona mboga."

Akampa kalamu. Arvila akaisogeza juu ya lile giza, kulia kidogo, kushoto kidogo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Mardell alikuwa amesogea karibu mpaka pua yake ilikuwa shibiri moja kutoka kwenye kioo.

"Mwanga wa siku ile ulikuwa mzuri zaidi," alisema Arvila.

"Kompyuta si dirisha," alisema daktari.

"Labda ilikuwa njegere."

"Mama," alisema Mardell, akigeuka polepole na kuvua miwani yake, "ulipomwambia mume wangu mkato ule ni wa mpishi, ulikuwa unaona nini hasa?"

Arvila akaweka kalamu mezani.

"Ushuzi, mama," alisema. "Niliona ushuzi mtupu."